Kamati ya Ugavi Sawa wa Seli za Ini

Natangaza kwa fahari, na kwa mamlaka niliyopewa kwa barua yenye mihuri miwili, kwamba katika mwaka wa 2008 mji wa Nakuru ulipata bahari. Haikuwa na maji. Ilikuwa na makao makuu, na serikalini makao makuu ndiyo hutangulia; maji hufuata, bajeti ikiruhusu.

Makao hayo yaliitwa Taasisi ya Dawa za Baharini, nayo yalikuwa katika ghala la zamani la mahindi nyuma ya stesheni ya reli. Wapo waliouliza kwa nini taasisi ya mambo ya bahari isijengwe Pwani. Swali hilo lilijibiwa na jopo la watu kumi na wanne lililokaa hotelini wiki tatu. Jopo lilibaini kwamba Pwani iko karibu mno na bahari, na mfanyakazi aliye karibu na bahari anaweza kuogelea saa za kazi. Lilibaini tena kwamba ziwa letu lina chumvi, na kitu chenye chumvi, kikiwa kikubwa, hakuna sheria inayokataza kukiita bahari. Heroe, wale ndege wa waridi wa ziwani, hawakuhojiwa.

Kazi ya Taasisi nitaieleza kama nilivyoelezwa. Baharini kuna sifongo, mnyama asiye na macho, miguu wala haraka, anayeishi ameshikilia mwamba. Kwa kuwa hawezi kukimbia wala kuuma, hujilinda kwa sumu. Mtafiti wetu, Daktari Shukri, alikuwa ameikamua sumu hiyo. Alitaka kuitia kwenye chupa zenye seli za saratani ya ini aone kama zitakufa. Seli zenyewe zilikuja kutoka ng'ambo zikiwa zimegandishwa, naye alizikuza ndani ya kabati lenye joto sawa na la mwili wa mtu. Hiyo ndiyo kazi yote. Mtu mmoja angeweza kuifanya, na kusema kweli ni mtu mmoja aliyeifanya. Sisi wengine thelathini na sita tulikuwa tunamwezesha.

Mimi nilikuwa Katibu Mwandamizi wa Kumbukumbu, Viambatisho na Itifaki. Watu waliniita Katibu.

Daktari Shukri alikuwa mzaliwa wa Bondeni, hapa hapa mjini, binti wa mfanyabiashara wa ngozi. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na aliongea kana kwamba maneno huisha dukani. Miaka miwili alikuwa anaitengeneza ile dawa yake, na yote ilienea kwenye kichupa kimoja kisichozidi kidole gumba. Sifongo ile ilitolewa chini ya maji mara moja tu, kwa kibali maalum. Hakungekuwa na nyingine.

Sasa, mwezi wa Aprili nchi ilikuwa ndiyo imetoka motoni. Uwanja wa maonyesho ulikuwa bado umejaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao, na kule Nairobi wakubwa walikuwa wamekubaliana kugawana serikali nusu kwa nusu. Wananchi waliita mpango huo nusu mkate. Amri ikashuka kwamba kila taasisi iwe na pande mbili. Sisi tulikuwa na Mkurugenzi, Bwana Kiplangat. Tukaletewa Mkurugenzi Mwenza, Bi. Cheptanui. Wote wawili ni watu wa Olenguruone. Walisoma shule moja ya msingi, na nasikia mama zao huuza viazi kwenye soko moja, tena gunia kwa gunia. Lakini walikuwa wa pande mbili, na pande ni pande. Tuliita seremala kutoka Elburgon akaikata meza ya Mkurugenzi katikati. Kila mkurugenzi akapata miguu miwili ya meza, na nusu zote mbili zikaegemezwa ukutani.

Wiki ya kwanza Bi. Cheptanui alizuru maabara. Bwana Kiplangat naye akazuru, ili asionekane hajazuru. Daktari Shukri alifungua kabati la joto akawaonyesha chupa ishirini na nne, kumi na mbili kushoto, kumi na mbili kulia.

"Daktari," akasema Bi. Cheptanui, "kesho hizi za kushoto utazitilia dawa?"

"Ndiyo, Madam."

"Na hizi za kulia?"

"Hizo hazipati."

"Hazipati." Akavua miwani yake ya jua. "Zimekosa nini?"

"Hazijakosa kitu. Ni za kulinganisha. Zile za kushoto zikifa, lazima nijue kama ni dawa imeziua ama zingekufa tu zenyewe."

"Kwa hivyo wewe unakaa hapo, unaangalia wengine wakipata na wengine wakikosa, na unaandika kwa kitabu."

"Ndiyo kazi, Madam."

"Katibu, andika hiyo." Nikaandika. "Hii ndiyo mambo ilitufikisha pale tulifika kama nchi. Na naona hizi zinanyimwa ziko upande wa ofisi yangu."

Bwana Kiplangat alikohoa. "Zile za kushoto hazikuomba upendeleo," akasema. "Zilipewa kwa bidii yao."

"Madam," akasema Daktari Shukri polepole, "hii ni saratani. Hizo seli zikipata dawa zinakufa. Zile zinanyimwa ndizo zinabaki hai."

Bi. Cheptanui alifikiri kidogo, na lazima nikiri alifikiri kama kiongozi. "Haijalishi," akasema. "Kama ni kufa, zife kwa usawa."

Siku hiyo hiyo ikaundwa Kamati ya Ugavi Sawa wa Seli za Ini, wajumbe tisa: wanne wa upande huu, wanne wa upande ule, na mmoja aliyeapa kwamba hana upande, ambaye hakuna aliyemwamini. Baada ya vikao vitatu ikaazimia kwamba hakuna chupa yoyote ndani ya jengo la serikali itakayokosa dawa. Kichupa cha Daktari Shukri kigawanywe mara mbili.

Nilimpelekea azimio hilo mwenyewe. Nilimkuta nje, karibu na lango, amekaa kwenye benchi la mlinzi wetu, Mzee Kahiga wa Subukia. Aliisoma barua, akaikunja mara nne.

"Ikigawanywa haitafika nguvu," akasema. "Na hata ikifika, sitakuwa na kitu cha kulinganisha. Miaka miwili, Katibu."

"Daktari, hiyo dawa inafanya ama haifanyi?" akauliza Mzee Kahiga. Hakuwa anauliza ovyo. Mke wake alikufa mwaka uliotangulia kwa ini. Aligeuka manjano mpaka weupe wa macho, tumbo likajaa maji, na ndani ya miezi minne akawa hayupo.

"Sijui, mzee. Ndiyo maana nataka chupa zisizo na dawa."

"Si ni kama mbolea tu," akasema Mzee Kahiga. "Ukijaribu mbolea mpya unaacha mistari kadhaa ya mahindi bila. Ukiweka kila mahali utajuaje ni mbolea imefanya ama ni mvua?"

Daktari alimgeukia. "Wewe ungekuwa mkurugenzi," akasema.

"Mimi nina kazi," akajibu Mzee Kahiga.

Kesho yake asubuhi Daktari Shukri alikuja ofisini kwangu na ombi rasmi. Alitaka kusajili dawa mpya, Dawa Namba Mbili, kwa ajili ya chupa za kulia. Nilifurahi sana, kwa maana Fomu ya Kusajili Dawa ilikuwa imechapishwa nakala elfu moja na ilikuwa haijatumika hata moja. Tuliijaza pamoja mpaka tukafika kwenye kipengele cha saba.

"Dawa hiyo ni nini?" nikasoma.

"Maji yenye chumvi kidogo. Yale tunaoshea seli."

Kalamu yangu ilisimama. "Niandike hivyo?"

"Andika hivyo hivyo. Sitaki kudanganya mtu, Katibu. Mimi nataka tu iitwe dawa."

Mimi si mwanasayansi. Kazi yangu ni kuandika kilichosemwa na kukiambatisha. Niliandika, nikapiga muhuri, nikaiweka kama Kiambatisho Ch, mahali ambapo mambo mengi ya nchi hii hupumzika kwa amani.

Kamati ilipokea habari hizo kwa makofi. Dawa Namba Moja, ile ya sifongo, ikawa ya upande wa Bwana Kiplangat, kwa sababu moja ni kubwa kuliko mbili. Dawa Namba Mbili ikawa ya upande wa Bi. Cheptanui, kwa sababu iliyokuja nyuma ndiyo ya kisasa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni dawa ya nini, maana kuuliza ni kukiri kwamba hujui. Ndani ya wiki Bi. Cheptanui alikuwa na kalenda yenye picha yake ameshika chupa ya Namba Mbili, anatabasamu. Bwana Kiplangat naye akachapisha ya kwake. Kalenda zote mbili zilianza mwezi wa Juni.

Daktari Shukri alifanya kazi yake. Alitia dawa, akangoja siku tatu, kisha akahesabu. Namna ya kuhesabu ni kutia rangi ya buluu: seli iliyokufa huinywa rangi, iliyo hai huikataa. Alihesabu mara tatu mpaka macho yakawa mekundu. Katika kila seli mia zilizopewa Namba Moja, sitini zilikufa. Katika kila mia zilizopewa Namba Mbili, zilikufa nne.

Alipoingia kutupa matokeo alikuwa akitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno yake.

"Nne?" akasema Bi. Cheptanui.

"Nne, Madam."

"Upande mmoja sitini na upande mwingine nne? Hiyo kura nani alihesabu?"

Bwana Kiplangat alicheka mpaka nusu yake ya meza ikateleza ukutani. Hapo tukajua kwamba Taasisi iko hatarini. Jioni wafuasi wa Namba Mbili katika idara ya usafi waligoma kufagia upande wa kushoto wa korido. Kesho yake madereva wa Namba Moja wakakataa kubeba mtu yeyote mwenye kalenda isiyo yao. Ikabidi kuitishwe kikao cha maridhiano, nacho kilichukua siku kumi na moja, wakati jaribio lenyewe lilichukua tatu.

Suluhisho lilipatikana siku ya kumi na moja, baada ya chakula. Sitini ukijumlisha na nne ni sitini na nne. Sitini na nne ukigawanya kwa mbili ni thelathini na mbili. Ikaazimiwa kwa kauli moja kwamba kila dawa imeua seli thelathini na mbili kwa mia. Wakurugenzi walikumbatiana. Wajumbe wengine walitokwa na machozi, akiwemo yule asiye na upande. Niliandika kumbukumbu hiyo kwa mwandiko wangu bora.

Kilichofuata kilifanywa kwa nia njema. Wakurugenzi walikwenda kwenye redio moja hapa mjini, wakakaa kwenye maikrofoni moja wakipokezana sentensi, mmoja akianza na mwingine akimaliza, na wakatangaza kwamba Nakuru imepata dawa mbili za saratani ya ini, zenye nguvu sawa.

Asubuhi iliyofuata, Jumanne, niliwakuta watu langoni. Walikuwa labda themanini. Wengine walikuwa wametoka Subukia, wengine Olenguruone, wengine mahemani pale uwanja wa maonyesho. Walibeba chupa za soda zilizooshwa, vibuyu, mitungi ya plastiki. Wagonjwa kadhaa walikuwa wamekalishwa kwenye mikokoteni, macho manjano, matumbo yamewavimba. Mzee Kahiga alikuwa amesimama ndani ya lango ameshika kufuli, na hakuwa anawafokea. Alikuwa akiangalia chini.

Mbele kabisa alikuwepo mwanamume wa kiwanda cha mbao cha Elburgon, sweta yake imejaa vumbi la msumeno. Alisema mkewe anaitwa Chepkemoi na yuko nyumbani, hawezi kuamka.

"Nipe ya Bosi ama ya Madam," akamwambia Daktari Shukri. "Yoyote. Hata nusu."

"Hakuna dawa, baba," akasema Daktari.

"Redio ilisema."

"Redio ilisema. Mimi sijasema." Akashika vyuma vya lango. "Sikiliza. Kitu chetu kimeua seli ndani ya chupa. Hata sabuni huua seli ndani ya chupa. Kutoka kwa chupa mpaka kwa mtu ni safari ndefu."

"Siku ngapi?"

"Miaka. Kumi, pengine zaidi. Na pengine isifike kabisa."

Mwanamume yule aliangalia chupa yake ya soda. Alikuwa ameikatia kizibo cha mti, kizuri, cha mtu anayejua mbao. "Hiyo ndiyo mngesema kwa redio," akasema.

Daktari Shukri alimwandikia barua kwa daktari wa hospitali, ili Chepkemoi angalau apewe dawa ya maumivu. Alimwandikia huyo, kisha aliyefuata, kisha aliyefuata, akiwa amesimama pale pale langoni na karatasi juu ya mgongo wa Mzee Kahiga, mpaka saa nane. Mimi nilikuwa natafuta kalamu. Kazi hiyo haikuwa kwenye ajenda yoyote.

Alasiri hiyo Daktari Shukri aliitwa kutia sahihi ripoti ya thelathini na mbili kwa thelathini na mbili, kwa sababu Waziri Msaidizi alikuwa anakuja Ijumaa kuipokea.

"Sitatia," akasema.

Kwa mara ya kwanza tangu Aprili, wakurugenzi wawili walikuwa na msimamo mmoja.

"Unataka kurudisha nchi kwa vita?" akauliza Bwana Kiplangat.

"Kwa seli?"

"Inaanzaga na kitu kidogo," akasema Bi. Cheptanui.

"Leo asubuhi nimefukuza watu themanini ambao nyinyi mliita," akasema Daktari Shukri. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sitaweka jina langu kwa hiyo."

"Basi hiyo kabati yako itazimwa stima," akasema Bwana Kiplangat. "Tuone hizo seli zitajiteteaje."

Kabati likizimwa, zilizobaki zote zingekufa na hakuna mtu angeweza kurudia jaribio lile. Hapo nikasimama. Sitasema nilikuwa na ujasiri. Nilisema tu kwamba, kwa mujibu wa kanuni, sahihi ya mtafiti haihitajiki kwenye ripoti. Inahitajika kwenye jedwali lake. Wakurugenzi waweke sahihi mbele, Daktari aweke sahihi kwenye jedwali lake lenyewe, na jedwali liambatishwe.

"Liambatishwe wapi?" akauliza Bi. Cheptanui kwa wasiwasi.

"Nyuma kabisa, Madam. Pamoja na Kiambatisho Ch."

Wote wawili walipumua. Daktari Shukri aliniangalia kana kwamba ndiyo kwanza ananiona, akaweka sahihi kwenye sitini na kwenye nne. Kabati likaachwa na stima yake.

Ijumaa ilikuja na hema jeupe, kwaya, na Waziri Msaidizi aliyechelewa saa tatu. Lango liliachwa wazi kwa wananchi, kwa kuwa kamera za televisheni hazipendi viti vitupu, na wananchi wakaja, wengi wao wale wale wa Jumanne. Mume wa Chepkemoi alikaa mstari wa tatu.

Tatizo likawa hotuba. Bwana Kiplangat alikuwa amemwandikia Mheshimiwa hotuba kuhusu Namba Moja. Bi. Cheptanui alikuwa amemwandikia nyingine kuhusu Namba Mbili. Kila mmoja alikataa ya mwenzake isomwe, na walibishana nyuma ya hema mpaka kwaya ikarudia nyimbo zake zote. Mwishowe wakapatana kwa njia iliyoonekana ya haki: Mheshimiwa asisome hotuba ya mtu yeyote. Asome ripoti yenyewe, neno kwa neno, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kupendelea ukurasa.

Nilipewa kazi ya kumkabidhi. Nilimkabidhi yote.

Waziri Msaidizi alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na alisoma kama wasomavyo wakubwa, maneno yakipita bila kusimama njiani. Alisoma utangulizi. Alisoma thelathini na mbili kwa thelathini na mbili, wakurugenzi wakapigiwa makofi, wakainuka, wakainama. Alisoma Kiambatisho A, majina ya waliohudhuria. Alisoma Kiambatisho B, majina ya waliotuma udhuru. Watoto walianza kulia. Akafungua ukurasa.

"Kiambatisho Ch," akasoma. "Dawa Namba Moja: dondoo ya sifongo ya baharini. Katika seli mia, zilizokufa, sitini. Dawa Namba Mbili: maji yenye chumvi kidogo. Katika seli mia, zilizokufa, nne. Maelezo: hizo nne zingekufa hata bila..."

"Mheshimiwa," akaita Mzee Kahiga kutoka langoni, akiwa amevua kofia, "rudia hapo kwa maji."

Mheshimiwa alirudia, na safari hii alijisikia. Akakunja uso. Akageuka.

"Madam," akasema, na maikrofoni ilikuwa bado mdomoni, "dawa yako ni maji?"

Bi. Cheptanui alisimama wima. "Mheshimiwa, ni maji ya kisayansi."

Hema zima lilipasuka kwa kicheko. Aliyecheka zaidi ni Bwana Kiplangat, ambaye ilibidi ashikwe bega asianguke. Lakini Mheshimiwa alikuwa amerudi ukurasa wa kwanza, na kidole chake kilikuwa juu ya mstari.

"Wewe mwenzake," akasema. "Hapa nyuma umeua sitini. Hapa mbele umeweka sahihi thelathini na mbili. Zile zingine zilienda wapi?"

"Mheshimiwa, yalikuwa ni maridhiano."

"Uliridhiana na maji?"

Bwana Kiplangat akarudi kitini. Mume wa Chepkemoi hakuwa anacheka. Alisimama mstari wa tatu, na kwa kuwa ni mtu mrefu, kamera zote zikamgeukia.

"Na sisi mlituita kwa redio," akasema. "Tukuje na chupa."

Kicheko kilikufa hapo hapo, kama taa. Mheshimiwa aliangalia wananchi, akaangalia kamera, akaona njia moja tu ya kutokea. Alitamka kwamba Serikali inawapenda wananchi wake na haitavumilia mzaha. Kwamba kuna kisima cha Serikali kule chini bondeni, kilichochimbwa mara tatu na hakijatoa tone, ambacho kinahitaji viongozi wenye uzoefu wa maji. Bi. Cheptanui aende huko Jumatatu. Na kwa kuwa uongozi ni nusu kwa nusu, Bwana Kiplangat amfuate.

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa wa sifongo!" akalia Bwana Kiplangat.

"Kwa usawa," akasema Waziri Msaidizi, na kwaya ikaanza.

Baada ya soda na sambusa, Mheshimiwa aliomba kuonana na Daktari Shukri faraghani. Nilikuwepo kwa sababu ya itifaki. Alimwambia kwa sauti ndogo kwamba yeye mwenyewe ana ini ambalo madaktari hawalifurahii, na kama kuna kachupa kadogo ka ile Namba Moja, kangeshukuriwa. Daktari alimwambia kwamba hata sabuni huua seli ndani ya chupa. Akamwambia miaka kumi, na pengine isifike kabisa. Akamwandikia barua kwa daktari wa hospitali, yule yule, kwa karatasi ile ile. Waziri Msaidizi aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mfuko wa ndani, akaondoka bila king'ora.

Chepkemoi alizikwa Agosti. Mumewe alipitia langoni kumwambia Mzee Kahiga kwamba ile barua ilisaidia, kwamba wiki za mwisho alikuwa analala. Hakutaka kuingia ndani. Mzee Kahiga alimsindikiza mpaka barabarani, na wakasimama huko muda mrefu, wagane wawili, wakiongea juu ya mahindi.

Wizara haijatuletea wakurugenzi wengine. Nimeandika barua saba. Kwa sasa sina vikao, na bila vikao hakuna kumbukumbu, na bila kumbukumbu mtu mwenye cheo changu huanza kusikia saa ya ukutani. Wiki iliyopita Daktari Shukri, ambaye alikuwa anarudia jaribio lake kwa matone yaliyobaki, alikuja mlangoni akaniuliza kama ninajua kuhesabu. Nilimwambia nimehudumu serikalini miaka kumi na tisa. Akasema hilo halijibu swali, lakini nije tu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuangalia ndani ya hadubini. Nilinyoosha tai, nikainama, nikafumba jicho moja. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha Daktari akazungusha kitu pembeni, na zikatokea, ndogo, mviringo, mamia, nyingine za buluu, nyingine zang'aa kama matone ya umande, zimesongamana zikiendelea na mambo yao. Hizo ndizo nilizokuwa nimeziandikia barua mia moja na sita. Nilizitazama kwa dakika nzima, nikingoja.

"Katibu," akasema Daktari, "mbona huhesabu?"

Niliona aibu kumwambia. Nilikuwa nimeingia na cheo changu chote, na hakuna hata moja iliyosimama kwa heshima.